Kipande cha Shati la Ntare

Dereva wa pikipiki alinishusha Nyamirambo, mtaa nisioujua, mbele ya duka la fundi cherehani. Mkanda wa mkoba wangu ulikuwa umekatika njiani. Ndani nikakuta wapelelezi wawili wamesimama.

"Karibu mgeni, ila usipite hapo," akasema fundi, mama wa makamo aitwaye Swafiya. Babu yake aliingia mji huu na biashara ya vitambaa kutoka Tabora. Yeye amewashonea nguo za harusi nusu ya mabinti wa mtaa.

Mpelelezi mkuu, dada mmoja aitwaye Gaju, alikuja na kibali cha upekuzi. Alitaka shati aliloliacha Ntare hapo lishonwe, mteja anayetuhumiwa kumchoma mtu kisu. Swafiya alikuwa amelitoa bila ubishi, safi, limepigwa pasi.

"Damu iko wapi, mama?"

"Nimeifua. Aliniambia amejikata na bati. Mimi sipitishi sindano kwenye nguo chafu, uliza mtaa mzima."

"Umefua ushahidi."

"Nimefua shati!"

Mwenzake Gaju akacheka. Gaju hakucheka. Kuharibu ushahidi ni kifungo, na Swafiya alijua. Ghafla akakumbuka. Kabla ya kufua, hukata kipande kwenye pindo la ndani, akaoanishe rangi ya uzi dukani. Kile pale, kimebanwa kwenye pazia, kona moja nyeusi kwa damu iliyokauka. Akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Gaju akafoka. "Ukigusa, wakili wa Ntare atasema wewe umekipaka damu."

"Basi chukua wewe."

"Nikichukua bila shahidi wa serikali ya mtaa, atasema ni mimi. Mkuu wa mudugudu yuko njiani."

Tukangoja. Lori likapita, pazia likafura, kipande kikaning'inia. Swafiya alikuwa ameikalia mikono yake.

"Pini moja," akanong'ona. "Siku zote nabana mbili."

Gaju akaufunga mlango. Joto la pasi likatujaa puani.

Mzee Nsabimana, mkuu wa mudugudu, akaingia anahema, kofia ya pikipiki bado kichwani. "Mnisamehe, bomba la maji limepasuka kule juu."

"Bomba lako lilitaka kunifunga, mzee," akasema Swafiya.

Gaju akavaa glovu, akachomoa kitambaa na pini yake, akatia kwenye bahasha, akaigundisha. Nsabimana akasaini juu ya gundi, kisha Swafiya.

"Sasa twende ukatoe maelezo."

"Naenda kama shahidi au mtuhumiwa?"

"Unaenda kama mtu aliyefua. Mengine ataamua mwendesha mashtaka."

Swafiya akazima pasi, akanigeukia. "Mgeni, una haraka?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Mteja wangu Mukandayisenga akija, gauni la binti yake ni lile jeupe. Mwambie asipitishe pasi kwenye shanga."

Akapanda gari lao, futi ya kupimia bado shingoni. Nikakaa karibu na mlango, mikono magotini, bila kugusa kitu.