Stuli Yangu na Treni ya Mezani

Juzi nilikwenda Vingunguti kwa fundi seremala wangu kufuata stuli niliyompelekea tangu kabla ya mvua, ikiwa imevunjika mguu. Sikuiona. Mezani kwake, katikati ya maranda, makopo ya gundi na vikombe vya chai ya jana, kulikuwa na treni ya mpingo: injini na mabehewa manne, kila moja halizidi kiganja, reli zake spoku za baiskeli.

"Bado haijaisha," aliniwahi, kabla sijauliza kitu.

Akaingia jirani yake, mzee aliyestaafu udereva wa treni. Tukamwamkia. Akaikagua injini, mikono nyuma.

"Mwanangu, dirisha la dereva umeliweka chini mno. Mie hapa ningeendesha nimepiga magoti."

Fundi hakubisha. Alishika msumeno mdogo, akakikata kibanda chote cha dereva, kazi ya wiki mbili, akakitupa kwenye maranda.

"Nionyeshe linapokaa, mzee."

Mzee akavua kofia, akavuta stuli kutoka chini ya meza, akaketi, mgongo umenyooka. Akaweka kidole kwenye kipande kipya cha mpingo alichoshikiwa na fundi. "Hapa. Usawa wa macho yangu."

Ndipo nikaitambua stuli. Ni yangu, mguu umeshapona.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, kifua mbele. Mke wangu aliuliza stuli iko wapi.

"Ameikalia dereva," nikamjibu, "na treni haijafika."