Vyakula Alivyokula Mama Italia

Watu wakisikia kwamba nilifika Italia katikati ya vita vya kwetu, wanataka niwasimulie makaroni na makanisa. Nawasimulia kidogo, kisha naona uvivu wa kuendelea, nao hudhani ni maringo. Waache wadhani.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika maternité, hospitali ya wazazi, moja ya Butembo pamoja na mtawa Mwitalia, mkunga, ambaye sote tulimwita masera. Masera alipozeeka akarudishwa kwao, mji mdogo wa pwani, na ndugu zake wakachanga nauli ili wazee hawa wawili waonane tena wangali hai. Mimi, binti mkubwa, nilipelekwa kumshika mama mkono kwenye viwanja vya ndege. Baba alibaki. Alikuwa na pick-up yake, akishusha viazi na vitunguu hadi Beni na kupandisha mawese kutoka Mbau. Barabara ilipojaa watu wenye bunduki hakuacha, kwa maana barabara hiyo ndiyo iliyotulisha.

Siku za kwanza zilikuwa tamu, na sitaki kuzikana. Mama alipenda karibu kila kitu. Wali wao wanaoukoroga mpaka uwe kama uji aliuita chakula cha mgonjwa, kisha akamaliza sahani mbili. Sokoni alisimama mbele ya samaki wabichi, wengine bado wanatikisa mikia, akakataa kuondoka, kwa sababu samaki wa maisha yake yote walikuwa wa chumvi na wa moshi. Tulipanda mnara wa kanisa, polepole, yeye akinilaumu mimi kwa kila ngazi. Kule juu akatazama huku na huku akitafuta milima. Hakukuwa na hata kilima.

“Sasa batu ba huku,” aliuliza, “vita ikikuya banajificha wapi?”

Masera alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakuwa anatania.

Kisha simu ikalia. Mama alikuwa jikoni, anafundishwa na dada wa masera kukanda unga wa makaroni. Nikaitwa mimi. Ilikuwa sauti ya baba mdogo, ndugu wa baba, kwenye simu ya setilaiti ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo, kwa hiyo aliharakisha.

“Baba yenu hayuko tena. Bamemupiga masasi jana, pale Mbau. Tunamuzika leo, hatuna fasi ya kumuweka. Unasikia?”

Nilisema nasikia.

“Mama asijue. Kule hana hata ndugu moya wa kumushika. Umulete ku nyumba yake, bamama bamupokee. Ujikaze, mwanangu.”

Kwetu mwanamke haambiwi kifo cha mume wake akiwa njiani. Anapaswa awe na sakafu yake ya kuangukia na wanawake wake wa kumzuia asijiumize. Tiketi zetu zilikuwa za bei ya chini, hazikubali kubadilishwa, na lilikuwa limebaki karibu juma zima.

Masera aliuona uso wangu akanivuta barazani. Nilipomwambia alilia, halafu akakasirika.

“Hapana, mutoto. Mama yako ni mutu mukubwa. Kumuficha ni uongo, na uongo ni zambi.”

Nilimjibu vibaya, ingawa kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kama katika miaka yake yote kwetu aliwahi kumwona mjane hata mmoja akilia juu ya kiti.

“Hapana,” alisema masera. “Banalia chini.”

“Hapa chini ni marumaru, masera, na niko peke yangu.”

Hakusema tena habari ya dhambi. Mama akatokea mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko, akauliza nani alipiga. Nikasema baba mdogo, anatusalimu. Na baba yenu? Nikasema yuko barabarani. Ni jibu alilokuwa amelisikia kila siku ya ndoa yake, akarudi kwenye unga wake.

Tangu hapo kula kukawa kazi. Makaroni yale aliyoyakanda mwenyewe aliniwekea mlima mzima na kunikodolea macho mpaka nimalize. “Kula, mwana. Batasema kwetu habajue kula.” Nilitafuna, nikameza, nikasifu. Masera aliacha nyama kabisa, na mama akamgombeza kwamba uzee haufukuzwi kwa njaa. Tulipelekwa kwenye mji ule unaosimama ndani ya maji. Mama, mtu wa milimani, alipanda mashua akiwa amening'ang'ania goti, lakini alipoona nguo zimeanikwa juu ya maji kutoka dirisha hadi dirisha alisahau woga akapiga makofi. Mpiga picha akatutaka tucheke. Mimi pia nilicheka. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, naye hakuwa amenikosea chochote.

Siku ya kununua zawadi alimchagulia baba kofia. Kila mtu husema nina kichwa cha baba, basi alinivalisha mimi, moja baada ya nyingine, akirudi nyuma na kuinamisha shingo, akimuuliza masera ipi itampendeza mzee. Masera alitoka nje ya duka. Nilibaki nimesimama na kofia kichwani, nikamwambia mama ile ya kahawia.

Tulirudi kwa njia ya Uganda. Baba mdogo alitungoja mpakani Kasindi na gari la kuazima. Mama alimsalimu kwa furaha, akauliza mume wake yuko wapi, naye akajibu kwamba tutaongea nyumbani, akashughulika na mizigo. Tulipofika Beni gari likasimama, wakaingia dada wawili wa baba, shangazi zangu. Hawakuuliza habari za Italia. Walikaa mmoja kulia kwa mama na mwingine kushoto, wakamshika mikono.

Gari lilitembea kidogo. Mama akanigeukia.

“Ulijua?”

“Nilijua, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile simu.”

Akageuza uso kuelekea barabarani. Tukapita Kalunguta, tukapanda hadi kwenye baridi ya Butembo, na hakunisemesha tena. Alilia alipoona mikeka imetandikwa nyumbani, akaanguka, na wanawake wakampokea kama ilivyotakiwa. Mimi nilikuwa nyuma nateremsha mabegi. Nilikuwa nimempoteza baba, na sasa niliogopa kwamba mama naye hatanirudia.

Kwetu, anayefika matangani haulizi. Anakaa chini, ananyamaza, mpaka mfiwa mwenyewe aeleze: marehemu aliamkaje, alisema nini, alikula nini. Kila kundi la wageni linaelezwa upya tangu mwanzo, na mjane ndiye anayeeleza. Lakini mama hakuwa na la kueleza. Walipokuja watu wa Kalunguta, wengi, wakakaa wakajaza nyumba, nikadhani hataweza. Kisha akaanza na alichokuwa nacho. Akaeleza ndege. Akaeleza wali wa kukorogwa, samaki wenye kutikisa mikia, mnara, nchi isiyo na pa kujificha. Hakuna aliyecheka. Wanawake waliitikia, “Ee, mama, ee,” kama wanavyomwitikia mtu anayeeleza habari za hospitali. Akafika jikoni, kwenye unga, na simu ikalia.

Hapo akakwama. Akanitafuta kwa macho hadi kwenye pembe nilipokuwa nimekaa, na ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu Beni.

“Tangu hapa miye sijue kitu,” akawaambia wageni. “Miye nilikuwa nakula. Huyu ndiye alikuwa mu matanga, peke yake. Eleza, mwana.”

Shangazi aliyekuwa amemshika mama mgongoni akamwachia, akavuka mikeka, akakaa nyuma yangu na kunishika. Nikafungua mdomo nieleze, na badala yake nikamlilia baba yangu, wa mwisho katika nyumba nzima.