Kinywa cha Muuza Chumvi

Kila ninaposoma makala ya wasomi yenye marejeo mengi chini ya ukurasa, humtafuta muuza chumvi. Nikiyafuata marejeo hayo moja baada ya jingine, mara nyingi namkuta: mtu mmoja aliyesema jambo, na wengine wote wamelichukua kwake. Mazoea haya niliyapata kwa mama yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, huko Mweso. Nilikuwa mwalimu kijana, bado nakula kwa Mama. Kaka yake wa pekee alikuwa amehamia kwa wakwe zake Buleusa, katika pori la Walikale. Asubuhi moja jirani yetu alirudi kutoka safari akasema mti umemwangukia mjomba, amekufa. Wanawake wakaanza kulia. Mmoja wao alileta wembe, maana dada wa marehemu hunyolewa kichwa na moto wake wa jikoni huzimwa.

"Papa, ulimuona na macho?" Mama alimuuliza jirani.

"Hapana, Mama. Nilisikia tu."

"Ku nani?"

"Ku muuza chumvi moja, kule Ntoto."

Mama akamwambia mwenye wembe angoje.

Kesho yake alipita mchuuzi wa mawese, akasema vilevile: mti, mjomba, kifo. Sasa watu wawili, wanawake wakasema, shaka ya nini? Hata mimi nilimsihi Mama akubali. Alikuwa amebanwa. Kumlilia kaka aliye hai kulikuwa kama kumchimbia kaburi. Kama asingemlilia naye amekufa kweli, aibu hiyo isingefutika.

"Na wewe ulisikia wapi?" akamuuliza mchuuzi.

"Ntoto, Mama. Kuko muntu moja wa chumvi..."

"Basi hamuko wawili. Iko kinywa moja tu, inatembea na miguu yenu."

Wembe ukangoja tena.

Siku ya soko akaja mwanamke wa Buleusa kumwona binti yake aliyeolewa kwetu. Mama hakugusia kifo. Alimuuliza kwanza mlango wa kaka yake unatazama wapi.

"Unatazama mutoni. Na pale mbele anakaushaka samaki, harufu mpaka kwangu."

"Kweli unafikaka pale. Sema sasa."

"Muti ilimuvunja muguu, Mama. Tulimubeba. Njia yote anatutukana, eti tunatembea sawa bata."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyo njo yeye, kaka yangu mwenyewe."

Akachochea moto, akawapikia wote waliokuja kulia. Mwenye wembe alikula kuliko wenzake.

Mjomba alikuja kwetu baada ya mavuno, akichechemea na fimbo. Kabla ya salamu alimtazama dada yake kichwani.

"Kumbe nilikufa, na wewe hukutoa hata unywele moja?"

"Ulituma mushuhuda mubaya," Mama akasema, akamsogezea kiti.