Bibi Chekecheke na Maji ya Kisima

Jina la Bibi Chekecheke alibandikwa kazini, kwenye banda lililo chini ya kilima cha mabaki ya mgodi. Kazi yake ilikuwa kuyachekecha mabaki hayo, atoe changarawe, abakize unga laini. Jioni alirudi nyumbani kope zote za kijivu.

"Karibu mgeni," mumewe humtania mlangoni. "Mke wangu hajarudi bado."

Kilima kile alikimwaga mzee huyo mwenyewe alipokuwa dereva wa mgodi, tipa baada ya tipa, mpaka magoti yakamgomea akastaafu. Baadaye risasi, madini yenye sumu, ilichuruzika kutoka humo ikaingia kisima cha mtaa, kisima kikafungwa, Bibi akawa anachota maji mbali, ng'ambo ya mlima. Tangu hapo mzee hakutaka hata kuusikia udongo ule. Mkewe alipomweleza kwamba ukipikwa na dawa kali, ukafanywa punje na kuchomwa, hunasa risasi majini, alicheka mpaka akapaliwa.

"Yaani mwizi ndiye apewe ulinzi? Maji hayo mtakunywa wenyewe!"

Punje za kwanza zilipotiwa majini ziligeuka tope. Mkemia wa pale bandani, binti wa rika la kitinda mimba wao, alijiinamia juu ya magunia.

"Nenda nyumbani, bibi. Nimeshindwa."

"Nikuache hapa na nani? Inuka unawe uso, mwanangu. Ule kwanza, ndipo ushindwe."

Binti akacheka huku machozi yakimtoka, akala. Kesho yake akabadili vipimo, akaongeza moto wa tanuri, akaharibu, akarudia. Hatimaye punje zikakaza. Maji ya kisima yaliyochujwa kwa punje hizo yakapimwa na kupimwa tena, hadi idara ya maji ikaridhika na bomba la mtaa likafunguliwa.

Siku hiyo Bibi alimwekea mumewe gilasi ya maji hayo mezani. Mzee akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Na hujambo?"

"Si unaniona?"

Akanywa taratibu, macho kayafumba, mpaka tone la mwisho.

"Nilivyokuwa nakuona ukipandisha mlima na ndoo kichwani," akasema, "na magoti haya hayaniruhusu hata nije nikupokee..."

Bibi akamshika mkono.

"Yameisha hayo, baba watoto."

Asubuhi iliyofuata mzee alichukua birika na mkongojo, akashika njia ya bombani kwa mwendo wa kobe.

"Wewe lala kidogo," alimwambia mkewe. "Chai ya leo nachemsha mimi."