Kesi ya Clothilde kwa Kiingereza

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa soksi, Odilon Piret alitoka na kikombe cha kahawa hadi kwenye uzio, akamtukana jirani yake. Alimtukana kwa Kifaransa. Lieven, ng'ambo ya uzio, akamrudishia kwa Kiholanzi. Miaka thelathini na minane hakuna aliyehamia lugha ya mwenzake, na hawakuwahi kukosa kuelewana, isipokuwa pale walipopenda. Matusi yakiisha walitazama upepo pamoja, kisha kila mtu akaenda kwa njiwa wake.

Kijiji chote kiliishi hivyo, maana mpaka wa lugha za Ubelgiji unakikata katikati. Hata mikutano ya chama cha njiwa wa mashindano, katika chumba cha nyuma cha baa, ilikuwa kila mtu na ulimi wake, saa nne za kelele na bia.

Ndipo akachaguliwa mwenyekiti kijana, Wannes, mtu wa ofisi za Brussels, viatu safi kupita vya mfuga njiwa yeyote. Akasema Ulaya nzima ikishika Kiingereza kuwa lugha ya pili hakuna atakayeonewa, kwa sababu si cha yeyote kati yao. Basi chama kionyeshe mfano: mikutanoni Kiingereza tu. Odilon akasema kitu kisicho cha yeyote huwa kimetupwa jalalani. Watu wakacheka, kisha wakapitisha, wengi wakitaka tu kuwahi chakula cha jioni. Lieven naye alinyoosha mkono. Odilon aliuona mkono ule.

Juni yakaja mashindano ya njiwa kuruka kutoka Bourges, Ufaransa, hadi mabandani kwao. Clothilde, njiwa jike wa Odilon, aliwatangulia wote kwa dakika tano. Lakini muda huhesabiwa njiwa akiingia bandani, na Clothilde alitua juu ya paa akishangaa maputo ya rangi ya fedha ambayo Lieven aliyafunga kwenye uzio, mjukuu wake akitimiza miaka sita. Alishangaa dakika saba. Njiwa wa Lieven akaingia kwake, akashinda. Odilon alikuwa na miaka sabini na mitatu, Bourges hajawahi kuishinda, na Clothilde mwenyewe alikuwa amezeeka.

Akakata rufaa. Siku tatu aliwahutubia njiwa: maputo, uzio, ukoo wa Lieven mpaka babu aliyeiba baiskeli wakati wa vita. Hotuba tamu kweli. Ya Kifaransa.

Ijumaa akasimama mkutanoni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea kahawa uwanja wa ndege.

"Njiwa kuja," alisema. "Puto. Njiwa kukaa."

Akamtafuta yule babu wa baiskeli kwa Kiingereza, hakumpata. Watu ishirini walimtazama kwa upole, kama mtoto aliyesahau shairi.

Lieven akapewa nafasi. Akakuna kidevu.

"Njiwa nzuri," alisema. "Mimi kusikitika sana."

Miaka yote ile Lieven hakuwahi kumsikitikia. Hilo lilimchoma Odilon kuliko matusi yake yote. Wannes akawashukuru, akaandika kwamba matokeo hayabadiliki, akatazama saa: kesi nzima dakika nne. Alifurahi.

Odilon akavaa kofia, bia akaiacha nusu. Lieven akainuka, Kiholanzi kikamtoka.

"We mzee mwongo, kichwa kama kiazi kilichooza, rudi hapa unitukane kama jirani."

Wannes akakumbusha, kwa adabu, lugha ya mkutano.

Odilon alielewa kila neno, kama siku zote. Akasukuma mlango, akatoka, na chumba kile hakukirudia tena.