Nimefundisha bamama hapana kupana mukono

Leo nimeharibu examen yangu na mukono wangu mwenyewe. Mucheke kwanza, kisha munihurumie.

Cours ni santé communautaire, ile ya afya ya batu, na examen yake ni kufundisha. Professeur alitupeleka kwa quartier moja ya hapa Butembo, kila mutu afundishe bamama namna ya kujikinga na Ebola.

Mi nikafundisha muzuri. Nikarudilia mara tatu: "Hapana kusalimiana na mukono!" Bamama bote bakaitika: "Hapana!"

Professeur anaandika kwa cahier yake, anaitika na kichwa. Roho yangu ikatulia pole!

Mais kwetu, mutu hatoki bila kushukuru.

Mama muzee mumoja akasimama, akaninyooshea mikono yote mbili: "Wasingya, aksanti mutoto wangu. Tumesikia."

Sasa mi nimukatalie muzee mbele ya batu? Nikamupa mukono.

Ee Mungu! Bamama bote bakapanga mulongo nyuma yake. Nikapokea mikono moja moja, macho yangu kwa bidon ya maji na sabuni pale kwa mulango. Hata mumoja hakuigusa.

Nikageukia professeur, nangojea zéro yangu.

Akafunga cahier, akaninyooshea mukono: "Félicitations, umefanya muzuri."

Bandugu, na professeur naye, ningemukatalia aje?