Karatasi ya Kuonja

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni huko Newala. Kwa kuwa nilijua Kiingereza kidogo, boma liliniita nimkalimanie daktari wa Kizungu aliyekuja na vipande vya karatasi. Hakuleta sindano wala dawa. Kila mtu aliwekewa kipande ulimini, aseme kama ni kichungu au la. Daktari alinieleza kwamba jambo hilo hurithiwa, kama pua au kimo: wengine huusikia uchungu, wengine hawausikii kabisa.

Kulisema hilo kwa Chimakonde kulinishinda. Nikawaambia watu, "Anatafuta kilichomo katika damu ya koo zenu." Nilipoona nyuso zao nilijua nimeharibu.

Walionja tu, maana jumbe alikuwa amesimama pale. Mmoja baada ya mwingine walikunja uso wakatema. Ikafika zamu ya mama yangu. Akaimumunya, akaigeuza mdomoni, akanitazama.

"Mwanangu, hii ni karatasi tu. Sisikii kitu."

Daktari akaandika kwa furaha. Nyuma yetu watu wakaanza kunong'onezana.

Sote tulikuwa tumesimuliwa habari za mwavi, dawa waliyonyweshwa walioshukiwa uchawi zamani: aliyeitapika alisalimika, aliyekaa nayo tumboni ndiye mchawi. Kufikia Jumapili ilisemwa kwamba serikali imemtuma Mzungu kusaka wachawi kwa karatasi, na mmoja ameshapatikana.

Maji tuliyafuata bondeni, mwendo mrefu wa kushuka na kupanda, na wanawake walitwishana mitungi. Siku hiyo mama alibaki ameushika wake, hakuna aliyemsogelea. Mwanamke mmoja alimvuta bintiye asimpe shikamoo.

Nami, pamoja na kusoma kwangu, nilianza kumchunguza mama. Wadogo zangu wawili walikufa wachanga. Kwa nini alipenda kwenda shambani peke yake? Nasema haya kwa aibu.

Daktari alipokuja kuaga nilimwomba karatasi moja. Nikaiweka ulimini. Hakuna kitu. Nikaitafuna. Hakuna.

Kesho yake asubuhi nikashuka bondeni na mama. Wanawake walikuwa wakichota.

"Na mimi nimeionja," nikasema kwa sauti. "Sikusikia kitu. Kama huo ni uchawi, basi tuko wawili, na watoto wenu nawafundisha mimi."

Jirani yetu, mjamzito, akatua mtungi wake.

"Mimi nilitema kwa sababu wenzangu walitema," akasema. "Huo uchungu wenyewe sikuusikia."

Mmoja akacheka, mwingine akamkemea. Jirani akaja akamtwisha mama. Wanawake wengine wawili waliondoka bila kuaga, na hadi nahamia Masasi hawakutusalimu tena.

Tukiwa njiani mama akasema bila kugeuka, "Siku hizi unasubiri nile kwanza ndipo nawe unawe mikono. Nimeona."

Nikamwomba radhi palepale, pumzi zikinikatika kwa mlima. Akasema yamekwisha. Lakini tangu siku ile aliacha kunipakulia. Aliweka chungu kati yetu, akanipa upawa nijipakulie mwenyewe.